Kabla Hujamkutanisha Mbwa Mwoga na Watoto Wadogo

Ikiwa una mbwa mwoga na unatarajia watoto wadogo nyumbani, awe ni wako atakayezaliwa au wajukuu wanaokuja likizo, kazi kubwa hufanyika kabla hawajaonana. Maandalizi yakienda vizuri, siku yenyewe ya kukutana haina mambo mengi. Na lengo lieleweke mapema: humfundishi mbwa kuwapenda watoto. Unamfundisha kwamba mtoto akitokea hakuna baya litakalompata, na kwamba akitaka kuondoka, njia ipo. Mbwa anayemtupia mtoto jicho mara moja kisha akarudi kulala amefaulu kuliko yule anayevumilia kukumbatiwa huku mwili umekakamaa.

Anza na daktari wa mifugo, hata kama unaona mbwa ni mzima. Mbwa anayeumwa sikio, jino au nyonga hana subira, na tunachokiita tabia mbaya mara nyingine ni maumivu. Aliyekuwa mpole akabadilika ghafla apimwe kabla ya mafunzo yoyote. Hapo hapo kamilisha chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, viroboto na kupe, maana mtoto anayecheza chini na kutia vidole mdomoni huokota mayai ya minyoo kirahisi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Chanjo ikiwahi, huzuilika. Kwa hiyo kila mtu mzima wa nyumba ajue hili mapema: mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo jifunze kumsoma mbwa wako, na hapa usiwe na haraka. Wengi wetu tunazijua dalili mbili tu, kunguruma na kutoa meno, nazo huja mwishoni. Kabla yake mbwa huwa amesema mengi. Hupiga miayo wakati hana usingizi. Hulamba pua wakati hakuna chakula. Hugeuza uso, huinua mguu mmoja wa mbele, hulaza masikio nyuma, hufyata mkia, huhema mdomo wazi bila joto. Jicho nalo huonyesha weupe pembeni, mwembamba kama mwezi mwandamo, kwa sababu kichwa kimegeukia kwingine lakini macho bado yanamlinda mtoto. Dalili ya kuogopa kuliko zote ni kuganda: mdomo unafungwa, mwili hautikisiki, pumzi ni kama imesimama. Ukiona hivyo una sekunde chache tu za kuwatenganisha. Wala mkia unaotikisika usikudanganye. Ukiwa umesimama juu, mgumu, ukitikisika haraka haraka, huyo ni mbwa aliyepandwa na jazba, si mwenye furaha. Zile picha za mtoto aliyempanda mbwa mgongoni ambazo watu huzichekea, hebu zitazame tena kwa kuanzia kwenye jicho la mbwa.

Na akinguruma, usimwadhibu. Hilo ndilo onyo la mwisho analotoa kabla ya kuuma. Ukimchapa kwa sababu ya kunguruma, hofu haiondoki. Kinachoondoka ni onyo, na siku nyingine atauma kimya kimya. Mtoe mtoto, mpe mbwa nafasi, halafu ujiulize ni kipi kilichomfikisha hapo.

Usitegemee mtoto mdogo azione dalili hizi. Wengi walio chini ya umri wa kuanza shule wakiona meno ya mbwa hudhani anacheka. Isitoshe uso wa mtoto uko karibu na kimo cha mdomo wa mbwa, ndiyo maana majeraha ya watoto wadogo huwa sana usoni na kichwani, tena mara nyingi mbwa ni wa nyumbani au wa mtu wanayemjua. Ile kauli ya "mbwa wetu hawezi" iwekwe pembeni.

Tayarisha mahali pake wiki kadhaa kabla. Chumba, kizimba, au kona iliyozibwa kwa geti dogo, vyote vinafaa, mradi pasiwe njia ya kupita watu. Mlishie huko, mwache alale huko, asifungiwe kama adhabu. Sharti ni moja: akiingia huko hakuna anayemfuata, hata mtu mzima. Mbwa mwenye pa kukimbilia hana haja kubwa ya kupigana.

Kisha mzoeshe sauti. Tafuta rekodi za watoto wakilia, wakicheka, wakipiga kelele, uzicheze kwa sauti ya chini kiasi kwamba sikio lake linasogea tu na yeye bado ametulia. Sauti ikianza, nyama ianze kuja, vipande vidogo vidogo. Sauti ikizimwa, nyama ikome. Mpangilio huo una maana kubwa, kwa kanuni ile ile aliyoieleza mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov alipochunguza mbwa: kinachotangulia hugeuka kuwa ishara ya kinachofuata. Ukitanguliza nyama halafu mtoto ndiyo alie, utaishia na mbwa anayeitilia shaka nyama. Pandisha sauti kidogo kidogo kwa siku nyingi. Kipimo unacho mkononi: mbwa anayekataa kipande anachokipenda ameshazidiwa, rudi nyuma hatua moja.

Watoto wa kweli huja baada ya sauti, na mwanzoni waonekane kwa mbali tu, ng'ambo ya uwanja, wakicheza mambo yao bila kujua kuwa mnawatazama. Mtoto akionekana, nyama. Umbali upunguze taratibu, na uondoke wakati mbwa bado yuko vizuri, usingoje achoke. Akishtuka siku moja, mpe siku mbili tatu za kupumzika. Mwili wenye hofu hauchelewi kuwaka lakini huchelewa kupoa. Kama una wasiwasi anaweza kuuma, mzoeshe kuvaa kifunga mdomo cha umbo la kikapu, kinachomwezesha kuhema na kunywa maji, na umzoeshe mapema kwa nyama ndani yake. Lakini kukivaa si ruhusa ya kumsukumia mtoto.

Kwa wanaosubiri kuzaliwa kwa mtoto: saa za matembezi, mahali pa kulala na vyumba atakavyokatazwa vibadilishwe miezi kabla, ili mbwa asiunganishe hasara hizo na mgeni mchanga. Kunusishwa nguo ya mtoto hakudhuru, ingawa naona watu wanaitegemea mno. Jambo linalosahaulika ni mtoto kuanza kutambaa, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 10. Mbwa aliyezoea kichanga cha kitandani anakutana na kiumbe kipya kinachomfuata sakafuni na kushika masikio. Hesabu hapo kama mwanzo wa pili.

Watoto nao wafundwe. Mbwa hasogelewi akila, akilala au akiwa kwake, hakumbatiwi. Akiwakaribia, wasimame tuli, mikono imekunjwa, macho chini, bila kukimbia. Wafanye mazoezi na mbwa wa kitambaa. Ila usijidanganye kwamba mtoto wa miaka mitatu atakumbuka kanuni akiona mkia. Kanuni ni za mtu mzima, na huyo mtu mzima atajwe kwa jina, kwa sababu wazazi wawili walio chumba kimoja kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Akae ndani ya urefu wa mkono, simu mfukoni. Akitaka kwenda jikoni hata kidogo, mbwa na mtoto watenganishwe kwanza.

Siku ya kwanza mbwa atembezwe kabla, mtoto awe ameketi na ana cha kufanya, na mbwa awe nyuma ya geti au kwenye kamba iliyolegea. Asiitwe wala asivutwe. Usimpe mtoto nyama amlishe kwa mkono: mbwa mwoga huvutwa na chakula karibu zaidi kuliko alivyotaka kusogea, chakula kinaisha, anajikuta uso kwa uso na mtoto bila mpango. Tupa kipande nyuma yake, ili kila akisogea na kunusa apate sababu ya kurudi mbali. Akija mwenyewe na kutulia, mtoto mkubwa kidogo anaweza kumpapasa kifuani au begani sekunde tatu, kisha aondoe mkono. Mbwa akisogea tena, sawa. Akigeuza uso, imetosha kwa leo, hata mtoto akilia. Wembe anaoulilia mtoto hapa hapewi.

Wapo mbwa ambao maelezo haya hayawatoshi. Aliyewahi kuuma, anayemkazia mtoto macho huku ameganda, au anayewakimbiza watoto wanaokimbia, apelekwe kwa daktari wa mifugo au mkufunzi anayeelewa hofu. Mkufunzi anayeanza na kipigo au ukanda wa umeme wa shingoni atakuongezea tatizo. Ziara ikifika kabla hajawa tayari, akae chumbani kwake na mfupa wa mpira wa kutafuna, redio ikilia kidogo. Mlango ufungwe kwa ufunguo, si kurudishiwa tu, na ufunguo uwe kwa mtu mzima: mtoto wa miaka mitatu anakifikia kitasa.