Kona ya kushonea uani: cherehani ya zamani, asumini na upepo wa kaskazi

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, vyumba vya ndani katika nyumba zetu za Ngamiani hapa Tanga havikaliki mchana. Bati linawaka na feni inazungusha joto lilelile. Kazi yangu ya ushonaji huhamia uani, chini ya upenu, na huko ndiko nilikojifunza kupanga kona ambayo mtu anakaa kutwa akishona bila kuumiza macho wala mgongo.

Mwongozo huu ni wa mwenye ua, hata uwe mdogo, na mwenye hamu ya kuirudisha kazini cherehani ya kukanyaga aliyoachiwa na bibi yake au aliyoiona kwa muuza vitu vilivyotumika. Msimamo wangu ni mmoja: kitu cha kale kwenye kona ya kazi kifanye kazi. Cherehani iliyofunikwa kitambaa na kuwekewa maua juu inakula nafasi tu, na kutu inaendelea kuila.

Hatua ya 1: Tazama jua kabla hujahamisha kitu

Kaa uani siku moja uangalie kivuli kinavyotembea. Tanga tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 5 hivi, kwa hiyo Desemba na Januari jua la saa sita mchana linapita upande wa kusini. Ukuta unaotazama kusini unapigwa jua, ilhali upenu unaotazama kaskazini unabaki na kivuli. Ukiwa na uchaguzi, chukua huo wa kaskazini. Kaskazi nayo inatoka kaskazini-mashariki, basi utapata kivuli na upepo mahali pamoja. Kama una upenu wa mashariki na wa magharibi tu, chukua wa mashariki. Jua la asubuhi hupanda likaondoka, lakini la alasiri huingia kwa mshazari chini ya bati na kukufuata mpaka magharibi.

Sasa mwanga. Kwenye cherehani sindano iko kushoto, na mwili wa mashine uko kulia. Mwanga ukitoka kulia, kivuli cha chuma kinaangukia palepale unaposhona. Geuza meza mpaka mwanga ukujie kutoka kushoto. Weka kitambaa cheupe chini ya mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, saa nne asubuhi, kisha tena saa kumi alasiri. Kama unaliona tundu la sindano bila kuinama, umepapata.

Sakafu iwe ya saruji na iwe sawa. Mguu mmoja wa meza ukining'inia, utie kipande cha ubao, kwa sababu cherehani inayoyumba hulegeza skrubu zake yenyewe.

Hatua ya 2: Chagua cherehani itakayopata vipuri

Zungusha gurudumu la mkono taratibu kuelekea kwako. Likizunguka, hata kwa uzito, mashine ni hai. Likigoma kabisa usikate tamaa wala usilazimishe. Mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda kama gundi. Kinachonifanya niondoke bila kununua ni ufa kwenye chuma cha kichwa au cha miguu. Chuma hicho ni cha kusubu, na kuunganishwa kwake ni kazi ya wasiwasi.

Kisha fungua kibati cha upande wa kushoto, chini ya sindano, utazame bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Singer za aina ya 15 hutumia bobini ya mviringo inayokaa kwenye kikasha chake, na Butterfly zilizojaa kwa mafundi wetu zimejengwa kwa mfano huohuo. Bobini, kikasha na sindano utavipata kwenye duka lolote la vifaa vya ushonaji. Singer nyingine za zamani, kama namba 27 na 127, zina bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya shato yenye umbo la risasi. Zinashona vizuri ajabu, lakini shato ikipotea utaitafuta sana. Ukiikuta nzima, ichukue. Ikikosekana, mwachie mwenyewe.

Kuna raha nyingine kwa wanaopenda historia. Upande wa kulia wa kitako cha Singer kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Ikianza na F, J au Y, au herufi mbili kama EA na EB, mashine hiyo ilitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Ikianza na G, ilitoka Elizabeth, New Jersey, Marekani. Kuna orodha kwenye intaneti zinazoonyesha mwaka kwa kufuata namba hizo.

Hatua ya 3: Isafishe bila kuharibu rangi

Hapa ndipo wengi huharibu mashine nzuri, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rangi nyeusi ya Singer za zamani na yale maua ya dhahabu vimefunikwa kwa vanishi inayoyeyushwa na spiriti. Ukipitisha kitambaa chenye spiriti, utaona dhahabu inahamia kwenye kitambaa. Kwa nje tumia mafuta ya cherehani tu: tia matone machache kwenye pamba laini, sugua taratibu kwa mduara, futa kwa kitambaa kikavu, rudia. Uchafu wa kahawia utatoka kidogo kidogo. Usitumie msasa wala steli waya kwenye rangi.

Ndani ni habari nyingine. Laza kichwa kwa nyuma, kama kina bawaba, na toa vumbi na nyuzi kwa brashi. Kisha tia mafuta ya taa kila palipo na kitundu cha mafuta na kila vyuma viwili vinaposuguana. Fanya hivyo mbali na jiko na mbali na sigara za watu. Fundi mzee aliyenifundisha alikuwa akinizuia mkono kila nikitaka kulilazimisha gurudumu: "Mwanangu, lipe mafuta ya taa ukalale. Kesho litakuja lenyewe." Nami ndivyo ninavyofanya hadi leo. Asubuhi sukuma gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo, ongeza mafuta ya taa, futa weusi unaotoka. Likizunguka laini, kausha, halafu weka mafuta ya cherehani, tone moja moja kila sehemu. Usiache mafuta ya taa peke yake, maana yakikauka vyuma hubaki vikavu. Mafuta ya kula na ya nazi yasikaribie kabisa, kwani ndiyo yanayoganda.

Meno yanayosukuma kitambaa yana kibati juu yake. Kifungue. Mara nyingi utakuta chini yake donge la vumbi la pamba lililoshikana kama usufi, na hilo peke yake linatosha kufanya mashine irukeruke mishono.

Hatua ya 4: Mkanda, sindano na mkazo wa uzi

Mkanda wa ngozi ukilegea, gurudumu linateleza. Ufungue kwenye kikulabu chake, kata kama sentimita 1, toboa tundu jipya, funga. Kata kidogo kidogo. Mkanda uliokaza mno hufanya kanyagio kuwa zito, na jioni utazisikia nyonga.

Weka sindano mpya. Kwa kanga na pamba ya kawaida tumia namba 14, kwa voili namba 11, kwa jinzi namba 16. Kwenye Singer 15 na Butterfly za aina hiyo, upande bapa wa sindano unatazama kushoto na uzi unaingia kutoka kulia. Ukiigeuza, mashine haitashona hata ukiitia mafuta ya aina gani.

Tunga uzi ukiwa umeinua mguu wa cherehani, ili uzi uzame katikati ya visahani vya mkazo. Kisha shona mstari kwenye vipande viwili vya kitambaa, juu uzi mweupe, bobini uzi mwekundu. Ukiona vitanzi vyeupe upande wa chini, usikimbilie skrubu ya bobini. Tunga upya uzi wa juu kwanza, kisha kaza kirungu cha mkazo nusu mzunguko. Nyekundu ikichomoza juu, legeza. Mshono ukiwa sawa, nyuzi zinakutana ndani ya kitambaa na kila upande unabaki na rangi yake.

Hatua ya 5: Bustani ya makopo

Kwa bustani ya uani sinunui vyungu. Ndoo iliyotoboka, sufuria lililokwisha, debe la mafuta, mtungi uliovunjika shingo, vyote vinafaa. Toboa matundu manne au matano chini, weka kokoto, kisha udongo: sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya mchanga, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuoshwa kwa maji baridi, yatazuia unyevu usiondoke mchana.

Panda mimea ya harufu upande wa kaskazini-mashariki wa kona yako, ili kaskazi ipite kwenye majani kabla ya kukufikia. Mimi naweka asumini, mrehani na mchaichai mbele, mnanaa nyuma kivulini.

Asumini huota kwa vipandikizi. Chagua tawi lisilo na maua, lililokomaa kiasi, kata urefu wa kiganja, acha majani mawili ya juu, na zamisha vifundo viwili kwenye udongo wenye unyevu. Kopo likae kivulini mpaka majani mapya yatoke, ndipo ulisogeze juani. Maua yake huja kwenye machipukizi mapya, hivyo kila wimbi la maua likiisha punguza ncha za matawi. Mrehani nao unataka mkono: vunja vikonyo vya maua mapema, utatanuka.

Mwagilia saa kumi na mbili asubuhi, na jioni tena kama udongo umekauka kidole kikizama. Maji ya kisima chenye chumvi huunguza ncha za majani. Tafuta ya bomba au ya mvua. Visahani vya chini ya makopo vimwagwe kila baada ya siku mbili tatu. Mbu wa dengue huzaliana humo, na mwaka 2019 ugonjwa huo ulitusumbua hapa Tanga na Dar es Salaam. Makopo yote yawe hatua tatu au zaidi kutoka kwenye cherehani, na hakuna kopo hata moja litakalokaa juu ya meza yake.

Hatua ya 6: Vitu vya kale vinavyosaidia

Sanduku la bati la safari linahifadhi vitambaa vizuri kuliko rafu, kwa sababu panya hawaingii. Liinue juu ya mbao mbili. Kopo la biskuti ni la vifungo. Kigoda kirefu ni kizuri kwa mgeni, lakini wewe mshonaji tafuta kiti cha mgongo ambacho, ukikalia, magoti yanakaa chini kidogo ya nyonga. Taa ya chemli iko kwangu na huwashwa umeme ukikatika, ila kwa kupiga gumzo tu. Kushona kwa chemli ni kuyaonea macho.

Hatua ya 7: Shona mfuniko wa kanga

Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi ni adui wa chuma, hivyo kazi ya kwanza ya cherehani yako iwe nguo yake yenyewe. Chukua kanga kuukuu iliyofifia lakini haijachanika. Pima kwa tepu kutoka kwenye meza mbele ya mashine, panda juu, shuka nyuma mpaka mezani. Huo ndio urefu. Upana ni urefu wa meza. Ongeza sentimita 4 kila upande za kukunja.

Kabla ya kukata, tandaza kanga chini na usogeze vipimo vyako mpaka jina liangukie mbele, katikati, na pindo la chini liwe ndilo ukingo wa mfuniko. Kata upande mwingine. Kwa vipande vya kuziba kushoto na kulia, tumia mabaki ya mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Shona pembe, kunja ukingo mara mbili, pitisha mshono wa pili karibu na wa kwanza. Kila jioni futa mashine kwa kitambaa chenye tone la mafuta, teremsha mguu juu ya kipande cha pamba, ifunike.

Mabaki ya uzi wa bobini usitupe. Asumini za jioni, zikichumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, hutungwa kwa sindano na uzi wa pamba kupitia kikonyo. Ukitaka kikuba, fungasha tawi la mrehani, asumini chache na kipande cha mkadi, zungusha uzi mara kadhaa, funga. Zitafunguka usiku.

Masika yakikaribia, katikati ya Machi, sogeza meza ndani ya ukumbi kabla ya mvua ya kwanza. Legeza mkanda, tia mafuta, na yale makopo ya asumini yaache nje yanywe.