Kuhama kampuni ya intaneti na simu ya nyumbani bila kupoteza namba

Huduma ya zamani usiifunge kwanza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaonipigia kuomba msaada huwa wameshaifunga, na hapo hakuna tena cha kupanga, kinachobaki ni kubembeleza.

Mimi nahariri maandishi nikiwa nyumbani, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi imelala. Halafu mikataba ya ukoo huishia mezani kwangu: ya mama, ya shangazi, ya wadogo zangu. Nimeona uhamaji uliokwenda vizuri na ule uliomwacha mtu bila simu wiki nzima, na karibu kila mara kilichowatofautisha ni nini kilitangulia na nini kilifuata. Kampuni ya zamani haina haraka ya kukuachia, mpya ina haraka ya kukuandikisha, na katikati yao hakuna anayekuangalia wewe. Ratiba ishike mwenyewe.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote

Toa mkataba na bili ya mwisho. Tafuta tarehe ya mkataba kuisha, muda wa kutoa taarifa ya kuondoka, na malipo ya kuvunja mkataba mapema. Muda wa taarifa mara nyingi ni siku 30, na ipo mikataba inayojiongeza yenyewe mwaka mwingine usiposema neno kabla ya tarehe fulani. Malipo ya kuvunja mkataba yapigie hesabu badala ya kuyaogopa. Ikiwa imebaki miezi michache na laini yenyewe ni mbovu, kulipa na kuondoka kunaweza kuwa nafuu kuliko kuendelea kununua bando la simu kila siku ili kazi isonge.

Hapo hapo angalia kama intaneti, simu na televisheni vimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Ukitoa intaneti peke yake, bei ya vilivyobaki inaweza kupanda, au simu ikafa pamoja nayo kwa kuwa inapita kwenye waya ule ule. Uliza hivi: "Nikiondoa intaneti, namba yangu ya simu inabaki hai?" Jibu liombe kwa maandishi.

Kisha nakili jina la mwenye akaunti kama lilivyo kwenye bili, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya akaunti na anwani ya huduma. Akaunti ya mama ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba. Bili zililipwa miaka yote na hakuna aliyeuliza, lakini ombi la kuhamisha namba lilirudi limekataliwa: jina halilingani na kitambulisho. Ilibidi kwanza tubadili umiliki kwenye kampuni ile ile ya zamani, kwa cheti cha kifo na kitambulisho cha mama, ndipo tukaomba upya. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna akaunti ya mtu aliyefariki, aliyehama au mliyeachana naye, lishughulikieni hilo sasa, hata kama hamna mpango wa kuhama leo.

Namba

Hapa ndipo watu huumia kuliko kwingine kote. Intaneti ikichelewa utapata njia ya muda. Namba ikipotea, zinapotea pamoja nayo simu za daktari, za shule, za ndugu walioishika kichwani tangu zamani, na ujumbe wa uthibitisho wa benki.

Kwanza hakikisha namba yako inaruhusiwa kuhama. Singapore ilianza kuruhusu watu kuhama mtandao wa simu za mkononi na namba zao mwaka 1997, Kenya ikafuata 2011, Tanzania 2017. Lakini ruhusa ya namba za mkononi haimaanishi ruhusa ya namba za mezani. Pengine namba ya mezani imefungwa kwenye eneo, na ukihama nyumba haiendi nawe. Kwa hiyo usiulize "mnahamisha namba?" Watajie namba yenyewe na anwani yenyewe, waiangalie kwenye mfumo wao.

Katika nchi nyingi, ombi la kuhamisha hupelekwa na kampuni mpya. Inaiandikia ya zamani, ya zamani inaangalia kama namba iko hai, ni ya nani, na kama ina deni. Jirani yangu aliifunga akaunti yake Ijumaa, akitarajia kampuni mpya ianze na namba ile ile Jumatatu. Ombi lilipofika, namba haikuwa tena ya mtu yeyote, na mfumo hauwezi kuhamisha namba isiyo na mwenyewe. Alikuwa amefanya kila kitu kwa nia njema na kwa utaratibu ambao mtu yeyote angeuona wa kawaida: unamalizana na huyu, ndipo unaanza na yule. Kwenye namba za simu utaratibu huo ni kinyume. Ombi la kuhama ndilo linaloifunga laini ya zamani. Sehemu nyingine kampuni ya zamani hukupa nambari ya siri ya kuhamia, unaikabidhi mpya. Hata hapo, laini inabaki hai mpaka kazi iishe.

Kuna mahali sheria imerahisisha zaidi. Uingereza, tangu Septemba 2024, mteja wa intaneti na simu ya mezani anaongea na kampuni mpya tu, nayo inashughulika na ya zamani. Uliza utaratibu wa kwako ukoje kabla ya kuanza, maana ndio unaoamua kama unatakiwa kutoa taarifa ya kuondoka wewe mwenyewe au la.

Kabla ya siku ya kuhama lipa deni lote, pamoja na salio ulilokopa. Muda wa maongezi na bando vilivyobaki kwa kawaida havihami, vitumie. Ikiwa ni namba ya mkononi yenye pesa za simu, toa pesa zote: pochi hiyo ni ya kampuni, haifuatani na namba. Siku yenyewe usipange malipo ya benki, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unaweza kukawia kwa saa kadhaa. Na mtu yeyote akikupigia siku hizo akitaka umsomee nambari iliyoingia kwa SMS "ili amalize kukuhamisha", kata simu, ipigie kampuni wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye mkataba. Matapeli huteka namba za watu kwa njia hiyo hiyo.

Namba ikishahama, mpigie mtu, mwambie akupigie, tumianeni ujumbe. Pande zote mbili. Namba inaweza kupiga lakini isipokee kutoka kwa mtandao fulani ambao bado haujasasisha njia zake. Jaribu na watu wa mitandao tofauti.

Simu kwa kitengo cha kubakisha wateja

Pale ambapo unapaswa kutoa taarifa mwenyewe, utapelekwa kwa mhudumu ambaye kazi yake ni kukubakisha. "Dada, mbona unatukimbia? Ngoja nikuangalizie ofa." Ofa inaweza kuwa ya kweli, na ikiwa shida yako ni bei tu, ichukue. Lakini uliza inadumu miezi mingapi, bei inakuwa ngapi baada ya hapo, na kama kuikubali kunaanzisha mkataba mpya. Ikiwa shida yako ni laini inayokatika, punguzo halitaitengeneza. Sema mara moja: "Natoa taarifa ya kuondoka, naomba namba ya kumbukumbu na tarehe ya mwisho ya huduma." Ukishakata simu, waandikie barua pepe yenye tarehe hiyo na kumbukumbu hiyo. Simu haina ushahidi usipouweka wewe.

Siku ya fundi

Acha siku kadhaa ambapo huduma zote mbili zinafanya kazi. Gharama ya siku hizo ndiyo bima yako.

Fundi wa faiba anapomaliza, asiondoke kabla hujaangalia kisanduku cha faiba, kile kinachopokea waya kutoka nje, si ruta. Taa iliyoandikwa PON iwe ya kijani, imetulia. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, na hakuna mpangilio wa ruta utakaoponya hilo. Angalia pia waya mwembamba unaoingia humo: usikunjwe kwa pembe kali wala kubanwa na mguu wa meza, kwa sababu ndani yake ni kioo. Kisanduku cha kampuni ya zamani acha mahali pake. Kwa kawaida kimesajiliwa kwenye mtambo wao na hakitafanya kazi kwa mwingine.

Pima kasi kwa kompyuta iliyochomekwa kwa waya, maana ukipima kwa waifai unapima kuta zako. Na kumbuka kampuni huuza megabiti, wakati faili huhesabiwa kwa megabaiti: laini ya megabiti 100 kwa sekunde inashusha megabaiti 12.5 kwa sekunde, basi. Mtu asikwambie umepunjwa kwa hesabu hiyo, wala asikupunje kwa hesabu hiyo.

Kuhusu vifaa vya nyumbani: ruta mpya ipe jina la waifai na nywila zile zile za ya zamani, pamoja na herufi kubwa na ndogo zile zile. Simu, televisheni na printa zitajiunga zenyewe. Fanya hivyo ruta ya zamani ikiwa imezimwa, la sivyo vifaa vitarukaruka kati ya mbili.

Kama una kamera unazozitazama ukiwa mbali, ingia kwenye ukurasa wa ruta usome anwani ya upande wa intaneti. Ikianza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, kampuni imekuweka kwenye anwani moja na wateja wengine, na kamera zinazosubiri kufikiwa moja kwa moja kutoka nje hazitafikika. Iombe kampuni anwani ya peke yako. Wengine hutoza ada.

Na simu ya mezani. Kwenye faiba, simu huchomekwa kwenye ruta, na umeme ukikatika inakufa. Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kwenye mtambo wa kampuni ya simu, ndiyo maana ilikuwa ikiita hata gizani. Mama anaishi peke yake, hivyo kabla ya kumhamisha tulinunua betri ya akiba inayobeba kisanduku na ruta pamoja. Ukisahau kimojawapo, kingine hakina faida. Kama kuna kengele ya wezi au kifaa cha mgonjwa kinachopiga simu chenyewe, waulize waliokifunga kama kitafanya kazi kwenye laini mpya, na kijaribu siku hiyo hiyo.

Barua pepe ya kampuni

Anwani ya barua pepe inayoishia na jina la kampuni ya intaneti inaweza kufutwa ukiondoka. Fungua nyingine isiyo ya kampuni yoyote ya laini, kisha badilisha kwanza benki, kodi, bima na kila akaunti inayotuma kiungo cha kubadili nywila. Hii ni kazi ya wiki kadhaa, ianze kabla ya yote. Shangazi alikuwa na picha za wajukuu ndani ya barua za miaka mingi. Tulizishusha zote kwenye kompyuta kabla hajatoa taarifa.

Kurudisha vifaa na bili ya mwisho

Ruta nyingi ni za kampuni. Piga picha ya kila kifaa, namba yake ya utambulisho isomeke, na waya wake wa umeme ukiwa kando. Ukikipeleka ofisini, usiondoke bila risiti iliyoandikwa namba hiyo. Madai ya "hukurudisha ruta" huja miezi baadaye, wakati mhudumu aliyeipokea hayupo tena.

Bili ya mwisho isome kwa tarehe: je, wamekutoza baada ya siku ya kufungwa? Ulilipa mwezi mzima mbele ukatumia nusu? Agizo la benki la kulipa kila mwezi lifute baada ya akaunti kusoma sifuri, si kabla, kwa sababu deni dogo lisilolipwa linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na kukuharibia rekodi ya mikopo. Wakikutoza kimakosa, lalamika kwa kampuni kwanza, kwa maandishi, upewe namba ya lalamiko. Wasipojibu kwa muda waliojiwekea, peleka kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, na ambatanisha namba hiyo, maana huko ndiyo watakayoiuliza mwanzo.