Kukagua daraja la zamani la chuma kabla ya mvua

Katika makorongo ya Dodoma, kazi hii ifanyike Oktoba au Novemba, mto ukiwa mchanga mkavu. Mvua ikishika Desemba, hutaweza tena kusimama chini ya daraja. Beba nyundo ya gramu 500, brashi ya waya, tochi, chaki, na nondo ya milimita 16 yenye urefu wa mita 2.

Anzia kwenye misingi, maana maji yanayochimba mchanga ni hatari kuliko kutu inayoonekana juu. Tena mchanga hudanganya: mafuriko huchimba shimo, maji yakipungua shimo hujaa mchanga mpya, na wakati wa kiangazi unakuta pako sawa kabisa. Sukuma nondo kandokando ya msingi, kisha mita 5 kutoka hapo. Ikizama kwa urahisi zaidi karibu na msingi, pamechimbwa.

Halafu kagua ncha za daraja. Upande mmoja umefungwa; mwingine hukaa juu ya roli (vyuma vya mviringo vinavyobiringika) ili chuma kipate kutanuka. Daraja la mita 30 hurefuka karibu milimita 11 joto likipanda nyuzi 30. Udongo ukikwamisha roli, nguvu hiyo huhamia kwenye mawe ya msingi na kuyapasua. Ondoa udongo wote. Zibua na matundu ya maji, hasa kwenye viungo vya boriti ya chini, ambako taka zenye unyevu hula chuma kimyakimya. Kutu ikijaa kati ya mabamba mawili huyatanua hadi ribiti (pini nene za chuma zinazoyabana) zikatike.

Ribiti zenyewe zipime hivi: weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga upande wa pili. Ikicheza, au ikiwa na mchirizi wa kutu, imelegea. Itie alama ya chaki. Fundi atabadilisha moja moja kwa bolti ngumu. Asitoe mbili za kiungo kimoja kwa pamoja.

Msikubali mtu achomelee kiraka. Chuma cha zamani mara nyingi kina salfa na fosforasi nyingi, kwa hiyo hupasuka pembeni mwa weldi, pengine miezi kadhaa baadaye. Rangi ya zamani nayo mara nyingi huwa na risasi, metali yenye sumu: isichomwe, wala isikwanguliwe ikiwa kavu.

Nguzo ya mlangoni, yaani pale magari yanapoingia darajani, ikiwa imepinda kwa kugongwa na lori, au boriti ya chini ikiwa na ufa wowote, zuieni malori siku hiyohiyo, kisha pelekeni picha TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) wilayani, au TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) kama barabara ni ya mkoa.