Kamera Imtambue Mtu Mlangoni pa Ghala, Isikuamshe kwa Senene

Kabla ya kugusa programu, andika tukio unalolitaka kwa sentensi moja: nani, wapi, kwa muda gani. “Mtu asimame mlangoni zaidi ya sekunde 10, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.” Ukiandika “chochote kikisogea” kwenye ghala la kando ya barabara Kampala, simu italia kwa kila bodaboda.

Kamera nyingi za mtandao hutoa mikondo miwili ya video. Mkubwa uhifadhi. Chambua mdogo, wa pikseli 640 kwa 360 na fremu (picha moja moja za video) 5 kwa sekunde. Kwa mtu anayetembea zinatosha.

Katika OpenCV, maktaba ya programu za kuchambua picha, kuna MOG2, mbinu ya kutenganisha kinachosogea na mandhari ya nyuma. Hujifunza sura ya kawaida ya mahali kutokana na fremu 500 usipoibadilisha, kisha hupaka weupe palipobadilika. Kivuli hukipaka kijivu, thamani 127, hivyo futa kila kilicho chini ya 200, weupe pekee ubaki. Angalia hapa: kwa fremu 5 kwa sekunde, fremu 500 ni sekunde 100, na mtu aliyesimama tuli humezwa na ukuta hata kabla hazijaisha. Kwa hiyo MOG2 isihesabu muda. Kazi yake ni kuiamsha YOLO, modeli ya kutambua vitu pichani, imtambue mtu na kumchorea kisanduku, na kifuatiliaji, programu inayomfuata mtu yuleyule fremu hadi fremu, kimpe namba ndipo sekunde zihesabiwe. Kuamua kama yumo ndani ya eneo la mlango, tumia ukingo wa chini wa kisanduku, yaani miguu. Katikati ya kisanduku humweka mpita njia mlangoni.

Lakini tahadhari nyingi za uongo huanzia kwenye mwanga. Taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) iliyomo ndani ya kamera humwangaza mdudu aliye karibu na lenzi akaonekana mweupe, mkubwa kama paka. Msimu wa senene, panzi wanaoruka kwa makundi usiku, Novemba hasa, hali huwa mbaya kabisa, kwa kuwa huvutwa na mwanga mkali. Zima taa hiyo, funga nyingine ya infraredi mita 1 hadi 2 pembeni ikielekea mlangoni, na balbu yoyote iwe mbali na lenzi. Futa utando wa buibui kila wiki.

Mwisho, jaribu kwa video za wiki nzima, usiku wa mvua ukiwemo, maana taa za pikipiki humulika kwenye madimbwi. Hesabu matukio yaliyokosekana peke yake na ya uongo peke yake, ukibadilisha kipimo kimoja tu kila mara. Umeme ukikatika na kurudi, hakikisha saa ya kamera haijarudi nyuma.