Namna ya Kujenga Kompaila na Mfumo Huria wa Kutekeleza Modeli za Ujifunzaji wa Mashine

Kompaila ya modeli huchukua modeli iliyokwisha kufunzwa, ambayo kwa undani wake ni mtiririko wa hesabu za matriki, na kuigeuza kuwa msimbo unaoweza kutekelezwa na prosesa au GPU, yaani chipu ya michoro inayofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Mfumo wa utekelezaji ndio unaoupokea msimbo huo, kutenga kumbukumbu, kuingiza data na kupanga zamu za kazi. Wengi wanaoanzisha mradi wa aina hii hukimbilia kasi. Mimi nashauri uanze na usahihi, kwa sababu jibu la haraka lililo potofu halimfai mtu, na kosa likishazama chini ya matabaka kadhaa ya ugeuzaji huwa gumu mno kulifukua.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika uboreshaji wowote, andika programu ndogo ya marejeo inayotekeleza kila operesheni kwa njia iliyo wazi kabisa, hata ikiwa ya polepole: kuzidisha matriki, kwa mfano, kufanyike kwa vitanzi (maelekezo yanayorudiwa) vitatu vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Kisha chukua modeli ya tabaka moja tu, inayozidisha ingizo kwa matriki ya uzito, kuongeza mwegamo (namba za nyongeza zilizofunzwa, yaani bias) na kugeuza kila thamani hasi kuwa sifuri, uipitishe njia nzima kuanzia faili hadi jibu. Njia hiyo ikikamilika, kila utakachoongeza kitakuwa na kipimo cha kulinganishwa nacho.

Katika kulinganisha, usidai majibu yafanane hadi biti ya mwisho. Namba za desimali za biti 32 hubadilika kulingana na mpangilio wa kujumlisha: ukianza na 16,777,216, ukaongeza 1, kisha ukaongeza 1 nyingine, utabaki na 16,777,216 ileile, kwa kuwa kila moja humezwa na ukadiriaji, lakini ukizijumlisha zile moja mbili kwanza, utapata 16,777,218. Kompaila inayogawa jumla ndefu kwa nyuzi kadhaa, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, hubadilisha mpangilio huu, hivyo weka kiwango cha tofauti kinachokubalika kwa kila operesheni na ukiandike bayana kwenye majaribio.

Kuhusu lugha ya kati, yaani umbo ambalo modeli huchukua kati ya faili na msimbo wa mashine, sioni sababu ya kubuni yako mwenyewe. MLIR, iliyotangazwa mwaka 2019 na sasa ikiwa sehemu ya LLVM, mradi huria wa zana za kujengea kompaila, inakuruhusu kushuka ngazi kwa ngazi: juu kuna operesheni za tensa (majedwali ya namba yenye vipimo vingi), katikati vitanzi, chini maelekezo yaliyo karibu na mashine. Kwa upande wa kupokea modeli, ONNX, umbo huria la faili za modeli, inatosha kuanzia, mradi ukubali operesheni chache tu na kuzikataa nyingine kwa ujumbe wa kosa unaoeleweka.

Uboreshaji wa kwanza uwe kuunganisha operesheni, kwani mara nyingi kinachochelewesha ni kusafirisha data, si hesabu yenyewe. Chukua tensa ya 1024 kwa 1024 yenye namba za biti 32; ina baiti 4,194,304. Baada ya kuzidisha matriki, ukiongeza mwegamo katika kitanzi kimoja na kufuta thamani hasi katika kingine, tensa hiyo itasomwa mara mbili na kuandikwa mara mbili, takriban megabaiti 16 zikipita kwenye kumbukumbu. Kitanzi kimoja kinachofanya yote mawili hupunguza kiasi hicho hadi nusu.

Mfumo wa utekelezaji uendelee kuwa mdogo. Acha kompaila ipange kumbukumbu mapema: tensa ambayo hakuna hatua inayoihitaji tena iachie nafasi yake kwa inayofuata. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika kuliko mahali pengine pote, kwa sababu GPU hufanya kazi bila prosesa kuisubiri, na nafasi ikitolewa tena kabla ya msomaji wa mwisho kumaliza, jibu litaharibika mara moja moja tu, na pengine lisiharibike kabisa unapotafuta kosa. Hitilafu ya namna hiyo ilishanisumbua mno, na tangu wakati huo huacha swichi ya kuzima utumiaji upya wa kumbukumbu: kosa likitoweka utumiaji huo unapozimwa, unajua pa kuanzia kuchimba.

Chagua leseni kabla ya kupokea mchango wa kwanza, kwa maana kuibadilisha baadaye huhitaji ridhaa ya wenye hakimiliki. Apache 2.0 ni chaguo zuri, kwani inagusa pia haki za hataza. Kila badiliko lije na jaribio lake, na anayeripoti kosa aombwe kuipunguza modeli yake hadi ibaki sehemu ndogo kabisa inayolionyesha. Mpe programu ya kuifanya kazi hiyo, inayoondoa operesheni moja baada ya nyingine na kujaribu upya. Ripoti ya operesheni tatu hushughulikiwa siku hiyohiyo, ilhali ya mia tatu hukaa bila kuguswa.