Kabla hujasema "neno hili nishalijua"

Nafundisha Kitaliano cha hotelini hapa Malindi, wanafunzi wangu wengi wakiwa wahudumu na watembeza watalii. Kila mtu huja na orodha yake ya maneno "mepesi" na "magumu", na orodha hiyo mara nyingi haifai kitu. Ipime upya hivi.

1. Andaa kadi kama ishirini, Kitaliano upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Herufi ziwe za ukubwa mmoja. Mwaka 2008 wanasaikolojia Matthew Rhodes na Alan Castel walionyesha kuwa watu huamini watakumbuka zaidi maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa, ilhali ukubwa huo hauwasaidii kukumbuka.

2. Zisome zote, kisha ziweke kando. Usijipe alama bado! Ukiona *tovaglia* na "kitambaa cha meza" pamoja, jibu liko mbele ya macho, kwa hiyo lazima uone rahisi. Halafu kuna *tovagliolo*, kitambaa cha kujipangusia mdomo. Kwenye kadi hayagongani. Mezani, mgeni akiagiza haraka haraka, yanagongana. Na *caldo*, "moto", ndilo baya zaidi: kila anayejua Kiingereza huliona jepesi kwa kuwa linafanana na *cold*, "baridi", kisha humpelekea mgeni maziwa baridi.

3. Shughulika na mambo mengine. Pika, swali, pokea simu. Nusu saa yatosha.

4. Rudi kwenye kadi, utazame upande wa Kitaliano tu. Kabla ya kugeuza, andika: nitalikumbuka keshokutwa, au sitalikumbuka? Wanasaikolojia Thomas Nelson na John Dunlosky walipima jambo hili mwaka 1991, wakakuta makadirio yaliyocheleweshwa hivi ni sahihi kuliko ya papo hapo, kwa tofauti kubwa. Mara tu baada ya kusoma, neno bado linaelea kichwani. Baadaye huna budi kulitafuta, na namna linavyokuja, au linavyogoma, ndiyo habari unayoihitaji.

5. Keshokutwa jiulize zote, ulinganishe na ulichoandika. Anza kurudia zile ulizojiamini zikakupotea. Ulizoziogopa ukazipata, ziache mpaka wiki ijayo.

Kama huna subira ya kujiuliza mwenyewe, mpe kadi mwenzako wa zamu ya usiku. Akizishika yeye, huna pa kuchungulia.