Kabla bomba la gesi halijafika Mwanza: mambo ya kuzingatia katika vibali na mazingira

Ukimuuliza mzee wa Magu mto Simiyu una upana gani, atakuuliza kwanza unasema wa mwezi gani. Agosti watoto huvusha ng'ombe juu ya mchanga. Aprili maji yamelala hadi kwenye majaruba ya mpunga, na aliyesimama ng'ambo humsikii akikuita. Nimefanya kazi za tathmini ya mazingira ukanda huu wa Ziwa Victoria, kwenye mabomba ya maji na barabara, na kosa ninaloliona likirudiwa ni lile lile: njia inapimwa kiangazi, ripoti inaandikwa kiangazi, halafu mitambo inafika masika.

Gesi yenyewe bado ni ya kusini. Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, Mnazi Bay 1982, na bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likaanza kazi 2015. Lakini Novemba 2023 Tanzania na Uganda zilikubaliana kuchunguza uwezekano wa bomba la gesi kwenda Uganda, na njia iliyotajwa wakati ule ilipitia Tanga na Mwanza. Upande wa magharibi wa ziwa, njia ya bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, inapita Kagera na Geita. Kwa hiyo mhandisi kijana, afisa mazingira wa halmashauri na diwani wa Misungwi au Kwimba wana sababu ya kujiandaa sasa, wakati hakuna anayewakimbiza.

Jambo la kwanza ni njia. Cheti cha mazingira, kibali cha maji, ruhusa ya kukatisha barabara, fidia, vyote vinaning'inia kwenye mstari mmoja uliochorwa kwenye ramani. Mstari ukisogea mita 300 unaweza kuingia kijiji kingine, na hapo unaanza upya: mkutano mpya, uthamini mpya, wakati mwingine ripoti mpya. Afadhali mwenye mradi atumie fedha nyingi kuitafuta njia kuliko kuitetea njia mbaya baadaye. Huku kwetu njia nzuri inakwepa mafunjo ya mwambaoni, kwa kuwa ndiyo yanayochuja tope kabla halijafika ziwani, na ndani yake samaki huzaliana. Inakwepa ngitili, ile malisho ambayo Wasukuma huitunza kwa ajili ya kiangazi, ingawa kwenye picha ya setilaiti huonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Inakwepa makaburi na mahali pa matambiko. Na inaangalia udongo: mbuga nyeusi, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, huvimba masika na kupasuka kiangazi, kwa hiyo bomba lililozikwa humo linasukumwa huku na huko; luseni, ule udongo wa kichanga, ni rahisi kuchimba lakini mvua ya kwanza huuchukua. Ukikaribia mjini unakutana na miamba, na miamba inamaanisha baruti, ambayo nayo ina vibali vyake na majirani wake.

Kuhusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kila mtu anaikariri namba hiyo, wachache wanauliza inapimwa kuanzia wapi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda mno, likameza mialo na nyumba za watu ambao miaka kumi kabla walikuwa mbali na maji. Pimia kwenye alama ya maji ya juu kabisa, tena uende na wavuvi wakuonyeshe wenyewe yalipofika.

Kisha takwimu za awali. Usikubali ripoti yenye msimu mmoja. Chukua maji ya mito kiangazi na masika, hesabu samaki na ndege misimu yote miwili, pima kelele mahali patakapokaa kituo cha kusukuma gesi. Maji ya Simiyu ni ya kahawia kila Aprili hata pasipo na mtambo wowote. Kama hukuyapima kabla, hutaweza kusema tope lipi ni la mradi na lipi ni la mto, na mwanakijiji anayelalamika hatakuwa na ushahidi wa kumlinda. Waulize pia akina mama wanaochota maji ni kisima gani hubaki na maji hadi Oktoba. Hilo haliko kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona.

Utaratibu wenyewe wa tathmini unafahamika: mradi unasajiliwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, ambacho kina ofisi ya kanda Mwanza, mtaalamu elekezi aliyesajiliwa anaandaa ripoti ya upeo, yaani utafiti utagusa nini, na hadidu za rejea, utafiti unafanyika, ripoti inapitiwa na kamati ya kitaalamu pamoja na kutembelea eneo, kisha uamuzi unatolewa na cheti kinakuja na masharti. Soma masharti yote siku ya kwanza, na kila sharti uliandikie jina la mtu wa kulitekeleza. Sharti lisilo na mtu halitekelezwi.

Vibali vingine ni vingi lakini havina siri. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo yenye usimamizi wa bomba la kusafirisha gesi kwa mujibu wa Sheria ya Mafuta ya 2015. TANROADS na TARURA kwa barabara, TRC kwa reli, TFS pale penye msitu wa hifadhi, OSHA kwa usalama wa wafanyakazi. Tengeneza daftari moja linaloonyesha kila kibali, nani anakifuatilia na kinaisha lini. Kwa kuwa maji ya huku hayaishii mpakani, kumbuka pia Itifaki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2003 kuhusu Bonde la Ziwa Victoria.

Kimoja tu nikitaje zaidi, kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Bomba kabla ya kuingizwa gesi hujazwa maji na kukandamizwa kwa shinikizo ili kuona kama linavuja. Bomba la kipenyo cha sentimita 60, kipande cha kilomita 10, hubeba takribani lita milioni 2.8. Yatatoka wapi mwezi Septemba, wakati malambo yanakauka na ng'ombe wanapigania tope? Na baada ya jaribio, yakiwa na kutu na labda dawa, yatamwagwa wapi? Majibu hayo yawemo kwenye mpango kabla mkandarasi hajapatikana, kwa sababu mkandarasi mwenye haraka atachukua maji ya lambo lililo karibu.

Sasa fidia. Niliwahi kukaa kwenye kigoda cha mama mmoja Misungwi, mbele ya tanuri la matofali lililokuwa limeanza kubomoka. Mradi uliompitia, ambao sitautaja, ulikuwa umetangaza tarehe ya ukomo: chochote kitakachojengwa au kupandwa baada ya siku hiyo hakitalipwa. Akaacha kujenga, akaacha kupanda miembe. Misimu miwili ya mvua ikapita, fedha hazijaja, matofali yakarudi kuwa udongo. Hakuna aliyemwibia, walitangaza mapema tu, kabla fedha hazijawa tayari. Tangu hapo huwa nasema wazi kwenye kila kikao: tarehe ya ukomo isitangazwe mpaka fedha ya fidia iwe imetengwa na njia imefungwa.

Sheria inasaidia anayeijua. Sheria ya Uthamini ya 2016 inatoa miezi sita ya kulipa tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu, baada ya hapo riba inahesabiwa. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini huo unakosa nguvu na kazi inarudiwa. Fidia si ya ardhi na nyumba tu, kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya malazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Kila mguswa apewe nakala ya fomu yake, mke na mume wote wawepo wakati wa kusaini, na mazao yahesabiwe mbele ya mwenyewe. Kwa wanaobaki kando ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba, waambiwe mapema nini kitaruhusiwa juu yake: kwa kawaida mazao ya msimu ndiyo, miti yenye mizizi mirefu na nyumba hapana.

Mikutano ya kijiji isiwe siku ya mnada wala wakati wa palizi. Awepo mtu wa kueleza kwa Kisukuma, na wanawake wapate kikao chao. Wananchi wengi wamesikia habari za bomba la mafuta, kwa hiyo watauliza kuhusu mafuta kumwagika ziwani. Wajibu kwa ukweli: gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu, haitapakai majini kama mafuta; hatari yake ni moto na mlipuko, tena mojawapo ya vyanzo vikubwa vya ajali za mabomba duniani ni watu wengine kuchimba bila kujua kuna nini chini. Wala usiwaahidi gesi ya kupikia. Bomba kuu lina shinikizo kubwa, na kijiji hakiwezi kuunganishwa bila kituo cha kupunguza shinikizo na mtandao wa mabomba madogo, ambao ni mradi mwingine wenye bajeti nyingine.

Kuvuka mito kupangwe Juni hadi Septemba, udongo wa juu ukiwekwa kando na kurudishwa juu. Na kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi, nakala ya mpango wa usimamizi wa mazingira, kwa Kiswahili, iwe mezani kwa mtendaji wa kila kijiji, pamoja na namba ya simu ya malalamiko ambayo umeipiga mwenyewe na ikapokelewa.